Mlango wa Wodi ya Wanawake

Julai ya Moshi ni mwezi wa sweta. Mlima unajifunika hata wiki nzima, na kwenye daladala la alfajiri kila mtu amejikunyata kimya. Mwaka 2011, nikiwa mwaka wa pili chuoni nasomea ustawi wa jamii, nilipangiwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye makazi ya wazee nje kidogo ya mji. Makazi yenyewe sitayataja.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda 14, na wengi wa waliolala pale hawakuwa Wachaga. Mchaga mwenye kihamba, shamba la ukoo, kwa kawaida huzeekea nyumbani, na kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na wazazi kwa kuwa nyumba itakuwa yake. Waliotufikia sisi ni wale walioletwa na mkonge na miwa. Walitoka Singida, Kondoa, Kigoma, wakafanya kibarua mpaka migongo ikapinda, waume wakafa, watoto wakapotelea mijini. Kambi ya vibarua haina pa kuzeekea.

Karibu na dirisha walilala bibi wawili ambao mpaka leo nikifumba macho nawaona. Mmoja kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, na maneno pia. Jirani yake, wa Singida, alikuwa kipofu. Huyu alikuwa na rozari ya mbao iliyokatika msalaba, na hakuitoa mkononi hata wakati wa kula uji.

Siku yangu ya nne nilimwamkia kama kawaida.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwenzangu jana hakugeuzwa."

Nikamuuliza amejuaje.

"Mlango," akasema.

Mlango wa wodi ile ulikuwa wa chuma na bawaba zake zilikuwa zimeota kutu. Ukiufungua unalia mpaka meno yanakufa ganzi. Kumbe kila ukilia usiku, bibi alikuwa anasogeza punje moja ya rozari. "Umelia saa mbili, wakati wa dawa. Umelia tena jogoo ameshawika. Punje mbili tu."

Nikampapasa mkono nikamwambia nitaangalia. Nikaenda kuangalia karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani. Tiki sita za kumgeuza, moja kila baada ya saa mbili, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nikaiamini karatasi. Nikajisemea uzee una mambo yake. Aliniambia tena kesho yake, na keshokutwa, na mara zote mbili nilirudi kusoma ukuta.

Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Ungeniamsha usiku wa manane ningekwambia mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na kwamba Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni 18 za wazee mwaka 1991, mojawapo ikitaka mzee aishi kwa heshima na usalama, asinyonywe wala asiteswe. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Shahidi alikuwa amelala hatua moja kutoka kwa anayeumia, ananieleza waziwazi, nami namwona mzee aliyechanganyikiwa.

Ijumaa nilisahau sweta. Nikarudi kulichukua saa moja na nusu jioni, na nilipopita ukutani nikasimama. Karatasi ya usiku ule ilikuwa imeshajazwa yote. Saa mbili, nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili. Wino wa bluu, mkono mmoja, tiki ya mwisho imeburuzwa kama ya mtu mwenye haraka. Nje usiku ulikuwa ndiyo kwanza umeingia, na kwenye karatasi tayari kumekucha.

Nikaenda moja kwa moja kwa bibi wa kiharusi nikafunua blanketi. Harufu ya dawa ya kusafishia choo ilikuwa kali, lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine. Shuka lilikuwa limelowa, tena limeshapoa. Nikamlaza ubavu taratibu. Pale mgongo unapoishia, juu kidogo ya makalio, palikuwa na kidonda cha upana wa kizibo cha soda, na kilikuwa kimeingia ndani. Nikakumbuka muuguzi aliyetufundisha kwamba kwenye ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu. Weka mgongo wa mkono, ukikuta joto na ugumu usioupata pembeni, ujue chini kumeshaharibika. Nikagusa kisigino cha kulia. Kilikuwa cha moto. Wala hakuna aliyempiga. Mfupa ukilala mahali pamoja damu haipiti, na mtu asiyeweza kujigeuza anaumizwa na uzito wake mwenyewe. Kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, akanishika kidole, akakaa nacho.

Msimamizi alinisikiliza akiwa amesimama. "Umekuja kujifunza au kukagua? Na fomu zako za fildi atakusainia nani?"

Wikiendi ile chakula hakikupita. Jumatatu nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii, mtu mzima, mzee wa maneno machache. Aliniacha niseme yote, kisha akaniuliza swali moja: mgeni akifika getini, inachukua muda gani mpaka aingie wodini? Nikamwambia kama nusu saa, na katika nusu saa hiyo mashuka yanabadilishwa.

"Basi tutakwenda saa isiyo ya wageni," akasema.

Tulifika Jumatano saa kumi alfajiri. Mlango ulilia. Mhudumu alitokea stoo na kitenge mabegani, macho mazito. Afisa akabandua karatasi ukutani, akaisoma, akaikunja akaitia mfukoni bila kumwambia neno. Kisha akaenda akainama kwenye kitanda cha yule bibi kipofu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ni punje ya pili."

Ndipo akageuka kitanda cha pili na kufunua blanketi.

Asubuhi ileile bibi alipelekwa hospitali. Kidonda kilianza kujaza nyama polepole, na nilipomaliza fildi Septemba kilikuwa bado hakijafunga. Yule mhudumu aliondolewa. Nilimwona akitoka na mfuko wa plastiki wenye ndala na kikombe chake, na simtetei, kwa sababu alijua anachokiandika. Lakini alikuwa mmoja kwa wodi mbili, usiku hadi usiku, na kumgeuza mtu mzima aliyepooza bila kumkwaruza ni kazi ya watu wawili. Aliyempanga peke yake aliendelea kukaa ofisini kwake. Nililiandika hilo kwenye ripoti yangu ya fildi, nikalirudia kwa afisa kwa mdomo. Zamu ya usiku ikaongezwa mtu wa pili, na karatasi ikatoka ukutani ikafungwa kwenye kila kitanda, saini moja kwa kila kugeuza. Na mimi nikajiwekea utaratibu wa kupitia kwa bibi wa Singida kwanza kila asubuhi, kumuuliza punje ni ngapi. Sita. Tano. Saba.

Wiki yangu ya mwisho alikuja fundi kutengeneza vitasa. Alipomaliza cha wodi ya wanawake, akausukuma mlango, ukalia kama kawaida yake, akacheka, akatoa kopo la mafuta. Bibi akainuka kitandani kwa viwiko. Sijapata kumwona akiinuka vile.

"Fundi," aliita, "usiutie mafuta. Uache hivyohivyo."

Fundi akanitazama mimi. Nikamwambia arudishe kopo kwenye mfuko.