Siku yangu na darasa la nne: brashi, rangi na nidhamu

Saa 11:00 alfajiri

Kabla sijabandika chai, nachuja rangi. Bizari niliiloweka jana usiku, mkaa nimeshautwanga na kuuchekecha, bluu ya kufulia imeyeyuka yenyewe. Nyeupe natengeneza kwa udongo wa vilima vya Pugu, ambako kuna kaolini. Kila kopo natia gundi ya unga wa ngano, ule uji mwepesi uliopikwa ukapoa, ili rangi ishike karatasi na isipukutike ikikauka.

Naanza na rangi ingawa nataka kuzungumzia nidhamu, kwa sababu katika kufundisha kwangu sanaa shule ya msingi, ugomvi mwingi nimeuona ukizaliwa kwenye kusubiri. Mtoto anasubiri brashi, anasubiri maji, anasubiri mwalimu amalize upande ule wa darasa, na mikono yake haina kazi. Kipindi cha hisabati kila mmoja ana penseli yake na daftari lake. Kwangu mimi watoto zaidi ya 80 wanagawana makopo. Kwa hiyo nidhamu ya leo naipanga nikiwa bado jikoni.

Saa 12:15 asubuhi

Daladala kutoka Chamazi kwenda Mbagala, ndoo ya rangi katikati ya miguu. Foleni ni ileile ya kila siku.

Saa 1:30

Mstarini. Wimbo wa Taifa, ukaguzi wa kucha, matangazo ya mwalimu wa zamu. Wakati wengine wanafagia uwanja, viongozi wa makundi ya darasa la nne wanakuja kuchukua vifaa: kila kundi la watoto wanane lina beseni lake, na ndani ya beseni kuna makopo ya rangi, maji kwenye nusu ya chupa ya lita moja na nusu, kitambaa, na brashi nane. Brashi zenyewe ni miswaki iliyokwisha na vijiti vilivyopondwa ncha, lakini ni nane, na hapo ndipo penye siri. Chupa ikipinduka, maji yanaishia kwenye beseni. Hakuna anayevuka darasa kufuata kitu, kwa hiyo hakuna wa kumkanyaga mwenzake njiani.

Saa 2:40

Kipindi mara mbili, dakika 80. Wanasimama: "Shikamoo mwalimu!" Marahaba, kaeni. Mashati yao ni meupe, kwa hiyo kwanza wanavaa mashati ya zamani ya nyumbani, vifungo mgongoni, kila mmoja akimfungia aliye mbele yake. Dakika hizo mbili za kufungiana vifungo zinatuliza darasa kuliko neno lolote ninaloweza kusema.

Leo tunachora mnyama kwa mtindo wa tingatinga. Nawaeleza habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta kwenye vipande vya mbao nyembamba za hardboard, na akafariki mwaka 1972. Alichora miaka michache tu, ila mtindo wake unauzwa hadi leo pale Oysterbay. Mtoto mmoja anauliza, "Kumbe hakusomea kuchora?" Darasa zima linanyamaza kusikiliza jibu. Utulivu wa namna hiyo siwezi kuupata kwa kugonga meza.

Kisha tunasoma kanuni zetu tatu ukutani. Walizitunga wenyewe mwanzo wa muhula, mimi nilinyoosha lugha tu:

Brashi hulala, haisimami.
Kazi ya mwenzako huguswa kwa macho.
Rangi ni ya kundi.

Wakishaanza, natembea. Siachii "safi sana" hewani, maana mtoto hajui ni lipi lililokuwa safi, na kesho hawezi kulirudia. Nakwenda mpaka kwenye dawati, nainama, nasema nilichokiona: "Umesuuza brashi kabla ya kuichovya kwenye manjano. Ndiyo maana manjano ya kundi lenu bado yanang'aa." Nikigeuka, wenzake watatu wanasuuza brashi zao. Sikuwaambia kitu. Na nasifia tendo, sisifii kipaji, kwa sababu ukimsifia mmoja kwa kipaji, wengine wanaona hakuna cha kujaribu.

Kama saa 3:15 hivi, kelele kundi la dirishani. Kijana mmoja kaburuta brashi ya mkaa juu ya twiga wa binti aliye pembeni yake. Binti analia, wengine wanapiga kelele "Mwalimu, kamuharibia!" Ninamtoa kijana pembeni, sauti ya chini, darasa lisigeuke baraza. Simlazimishi kusema samahani hapohapo. Samahani ya kulazimishwa mtoto huitema tu ili aachiwe. Nauliza: "Twiga yule alikuwa anahitaji nini ili amalizike?" Ananyamaza sana. Halafu: "Rangi ya shingo." Basi, kazi yake ikawa kuchanganya ile rangi ya shingo, bizari na udongo mwekundu kidogo kidogo, na mwenye kuamua kama imefanana ni binti. Alikataa mara ya kwanza. Akakataa ya pili, imezidi wekundu. Ya tatu akaipokea, akafunika lile doa, na mkaa uliobaki akaufanya kivuli. Samahani ilikuja yenyewe katikati ya kuchanganya, na sikuwa mimi niliyeiomba.

Saa 3:45 napiga makofi ya mdundo, wananijibu kwa mdundo uleule, na mikono yote ikishapiga makofi hakuna iliyobaki na brashi. Kusafisha kuna wimbo wake. Wimbo ukiisha mabeseni yawe mlangoni. Michoro yote inapanda kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Nasema yote. Ukitundika mitano bora tu, umewafundisha waliobaki kuwa kazi yao haina mahali.

Saa 4:00

Uji, na ofisi ya walimu. Mwenzangu ananiambia, "Madam, darasani kwako leo palikuwa gulio." Namwambia kelele za kazi zina sauti yake, na ukizisikiliza utasikia watu wanaombana rangi. Mwingine anaomba wavulana wawili wasije kipindi changu kijacho, wakafyeke nyasi kwa kuchelewa. Ombi hili nalikataa kila mara. Sanaa si peremende ya kumnyang'anya mtoto. Ni somo, lipo kwenye mtaala, na mara nyingi anayenyimwa ndiye anayelihitaji zaidi. Fimbo nayo haimo darasani kwangu. Kanuni za mwaka 2002 zimeiweka mikononi mwa mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na hata ningepewa ruhusa hiyo nisingeitumia kwa mtoto aliyemwaga rangi.

Saa 6:00

Darasa la tatu, udongo wa mfinyanzi. Kila mtoto na donge lake, mikono imejaa, kipindi kinapita bila shauri lolote.

Saa 8:40 mchana

Mama mmoja yupo mlangoni, ameshika mkono wa yule kijana wa mkaa. "Shikamoo mwalimu. Shati limeingia manjano kolani, halafu nasikia alifanya fujo." Marahaba mama, karibu. Namweleza kwanza kuhusu shati: afue kwa sabuni ya kipande, aanike juani, bizari hufifia kwa jua. Kisha namsimulia kuhusu shingo ya twiga, kijana akiwa anasikia, tangu mkaa mpaka rangi ya tatu. Mama anamtazama mwanawe. "Kwa hiyo ulichanganya mwenyewe?" Kijana anaanza kumweleza kiasi cha bizari na kiasi cha udongo, na wanaondoka bado anaeleza.

Saa 9:30 alasiri

Kesho ni darasa la tano, nao ni wengi zaidi. Napungukiwa chupa za maji na miswaki, kwa hiyo nikitoka hapa napitia kwa mama lishe aliyeniahidi chupa tupu. Na wewe unayesoma, mashati makuukuu ya wakubwa yasiyovalika tena, pelekeni shule ya jirani yenu. Mwalimu wa sanaa atajua la kuyafanyia.