Tulivyoileta altrasaundi kando ya inkubeta

Kumpeleka mtoto wa gramu 900 idara ya radiolojia kunatisha. Unamtoa kwenye joto la inkubeta, unamfuatisha na mtungi wa oksijeni, unapita varanda yenye upepo, na mkirudi joto lake limeshuka chini ya 36.5. Mimi ni daktari wa watoto wachanga katika hospitali moja hapa Nairobi, na kwa sababu hiyo niliomba, nikaomba tena, mashine ya altrasaundi imfuate mtoto.

Mashine ilipatikana. Ya wodi ya wajawazito ilikuwa ya kusukumwa kwa magurudumu na usiku haikuwa na kazi nyingi. Ila probu, kile kifaa cha mkononi kinachowekwa mwilini, ya kupimia tumbo la mama haimfai mtoto mdogo namna hiyo. Tulihitaji mbili: ndogo yenye uso uliopinda ya kichwa, na bapa ya mapafu. Anayepanga bajeti aanze na probu hizo.

Kazi ilikuwa kuelewana na wenzetu wa radiolojia. Waliogopa kwamba tutasoma picha tusizozijua, na naamini walikuwa na haki kuogopa. Tuliwawekea mezani mapendekezo ya madaktari wa Ulaya ya 2020 na ya Marekani ya 2022 kuhusu altrasaundi ya kando ya mgonjwa, kisha tukaandika pamoja ukurasa mmoja wa maswali tutakayojibu sisi wenyewe: je, kuna damu kwenye vyumba vya maji vya ubongo? Je, hewa imevujia nje ya pafu? Ncha ya mrija wa kitovuni iko wapi? Kasoro za moyo na mengine yote ni ya wataalamu wake. Kila picha huhifadhiwa kwa namba ya faili bila jina, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu pia, na kila wiki daktari wa radiolojia huzipitia nasi. Bila kikao hicho nisingekubali kuendelea.

Tulianza na kichwa. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32 tunampima wiki ya kwanza, kwa kuwa damu ikivuja, mara nyingi huvuja ndani ya saa 72 za kwanza, halafu tunarudia karibu na wiki ya nne, kwa sababu matundu ya sehemu nyeupe ya ubongo huchelewa kuonekana. Mapafu yalifuata. Usiku mmoja mtoto aliyekuwa kwenye CPAP, mashine inayosukuma hewa puani ili mapafu yabaki wazi, alizidiwa ghafla. Upande wa kulia pafu halikuonekana likiteleza chini ya mbavu, na alama nyingine zililingana na hewa iliyovujia nje ya pafu. Tuliitoa hewa kwa sindano kabla mtu wa eksirei hajafika wodini.

Masista ndio walioushika mpango huu. Wao ndio husema mtoto huyu asiguswe sasa, ngoja tumbadilishe nepi, umpime hapo hapo. Jeli huipasha joto kwanza, na ni ya pakiti ya kutumia mara moja, kwani chupa iliyofunguliwa huweza kubeba vijidudu kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Probu hufutwa kwa dawa iliyoruhusiwa na mtengenezaji, kabla na baada ya kila mtoto.

Kinachohitaji subira zaidi ni utosi. Nyumbani mama ameonywa asiuguse, kisha anamwona daktari akiweka kifaa juu yake. “Daktari, hapo si ndipo pabaya?” Namjibu, “Hapana, mama, mifupa haijafunga, kwa hiyo hapo ndipo dirisha letu.” Namwekea probu mkononi aone ilivyo nyepesi, namweleza kwamba haina mionzi, halafu namgeuzia skrini. Damu ikiwepo namwambia siku hiyo hiyo, na ni ya daraja gani kati ya madaraja manne ya ukali. Ya daraja la kwanza mara nyingi huisha yenyewe. Ya nne huhitaji kiti, muda, na baba akiwepo.

Kwa sasa wanaoweza kupima peke yao hawatoshi zamu zote. Wikendi bado tunapigiana simu, na madaktari wapya wanaendelea kupima huku mmoja wetu amesimama karibu.