Unga wa magoti

Mtwara, Jumapili usiku

Mama mkubwa ameanza kupunguziwa dawa. Daktari amemwandikia vidonge vya prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa kipimo kinachoshuka taratibu, na ratiba yake nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito nikaibandika kwenye mlango wa kabati, ili hata mimi nisipokuwepo watoto waisome. Kati ya yote niliyoelezwa wiki hii, hili la kuteremka polepole ndilo lililonikaa moyoni. Ndugu wa Newala nao simu haziishi, kila mmoja anauliza vipi dawa ya mizizi imemfikisha mtu hospitali. Basi naandika hapa, asomaye asome.

Magoti yake yamefanya kazi. Amekulia juu Newala enzi za kushuka bondeni kufuata maji na kupanda na ndoo kichwani. Kisha miaka na miaka ya korosho: kuinama chini ya mkorosho, kuokota, kunyofoa bibo, kuinama tena, msimu mpaka msimu. Alipohamia kwangu hapa mjini magoti yalikuwa yamekwisha sagika, na hospitali walishamkataza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa sababu ana presha. Alibaki na panadoli na kuchua. Usiku nilikuwa namsikia akigeuka kitandani anaguna.

Ule unga aliununua stendi. Kopo jeupe la plastiki, kifuniko cha bluu, limezungushiwa karatasi ya fotokopi: inatibu magoti, kiuno, ganzi, presha, sukari, nguvu za kiume. Jina la mtengenezaji hakuna, tarehe hakuna. Ndani ni unga wa kahawia unaonukia tangawizi na karafuu. Kijiko kimoja kwenye uji, asubuhi na jioni. Aliyemuuzia alimwambia ni mizizi mitupu, haina kemikali, haina madhara.

Na ulimsaidia, lazima niseme. Siku chache tu akawa anainuka kwenye mkeka bila kushika ukuta. Akaenda sokoni mwenyewe, akarudi na ming'oko, akaichemsha, akatuita tule. Nani angemwambia aache?

Baadaye uso ukaanza kujaa. Mashavu yakawa mviringo, yanang'aa, na majirani wakampongeza kwamba mjini kumempenda, amenawiri. Akawa anakula sana. Akijigonga kidogo tu mkono unavilia damu. Usiku anaamka kwenda haja ndogo mara kwa mara, na kiu haikatiki. Tulipokwenda kliniki ya presha, presha ilikuwa juu na sukari, ambayo hakuwahi kuwa nayo, ilikuwa juu pia.

Daktari akamuuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?" Akajibu hakuna. Hakudanganya, kwake yeye dawa ni ile ya kwenye karatasi ya hospitali. Daktari yule, kijana mdogo tu, akavuta kiti karibu, akauliza tena kwa namna nyingine: "Hata unga, majani, chai, mafuta ya kuchua, chochote cha magoti?" Mama mkubwa akafungua mkoba akatoa kopo. Namshukuru sana kijana yule kwa swali la pili.

Alichotueleza ni hiki. Mizizi, hata iliyo nzuri, kwa kawaida haiondoi maumivu ya miaka kwa siku tatu nne. Ukiona hivyo, na uso unajaa, sukari inapanda, ngozi inavilia, shaka ya kwanza ni kwamba ndani ya unga kuna vidonge vya steroidi vilivyosagwa, deksamethasoni au prednisoloni, pengine na diklofenaki juu yake. Si jambo la huku kwetu tu. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya watu wasitumie Artri King, iliyokuwa ikiuzwa kama kirutubisho cha viungo, baada ya vipimo kukuta deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye kibandiko.

Sasa hapa ndipo pa hatari. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kushika presha na kustahimili ugonjwa. Ukimeza steroidi, ambazo hufanya kazi kama hiyo kotisoli, kwa muda mrefu, tezi zile huona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukiacha ghafla, mwili unabaki bila ya nje na bila ya ndani: mtu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inaporomoka, anaweza kuzimia na hata kufa. Kwa hiyo anayetumia unga wa namna hii asiutupe chooni leo kwa hasira. Abebe kopo lake, aende hospitali, apunguziwe.

Nami simo katika wanaobeza tiba asili. Babu yetu, baba yake mama mkubwa, alikuwa mganga wa mitishamba. Alichimba mizizi mwenyewe, alimjua mgonjwa na ukoo wake, alisema usile hiki, ukiona hivi acha, siku fulani rudi nikuone. Mwuza kopo wa stendi hajui hata kama mteja wake ana presha. Tangu 2002 tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na baraza lake linasajili waganga na dawa zao. Kumuuliza mtu "umesajiliwa?" si kumvunjia heshima, na babu angejibu bila kununa.

Halafu mti nao una nguvu yake, ndiyo maana unatibu. Tangawizi nyingi huleta kiungulia. Manjano kwenye mchuzi hayana neno, lakini manjano ya vidonge, kwa kipimo kikubwa na yaliyochanganywa na pilipili manga, yamewahi kuumiza maini ya watu. Mizizi ya ule mmea wa jangwa la Kalahari uitwao kucha za shetani, ambayo watu wengi huitumia kwa viungo, inaweza kuharisha na haimfai mwenye vidonda vya tumbo. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asiguse hata kimoja kati ya hivi kama dawa kabla ya kuuliza. Na yeyote anayetumia dawa ya viungo, ya mti au ya duka, akiona choo cheusi kama lami, asingoje kupambazuke.

Maumivu yamerudi, siwezi kuficha. Juzi aliniambia, "Mwanangu, mmeninyang'anya miguu yangu." Sikuwa na jibu. Nilimletea fimbo, akaikataa, jana akaichukua mwenyewe. Asubuhi na jioni analala chali, naweka khanga iliyokunjwa chini ya goti, anaikandamiza kwa kukaza paja, nahesabu hadi tano, anapumzika. Mtaalamu wa mazoezi anasema paja likipata nguvu goti linapunguziwa mzigo. Analalamika kwamba nahesabu polepole. Tunaendelea.

Kopo nimemkabidhi mfamasia wa hospitali, alipeleke TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, likapimwe. Leo mchana nilikwenda kwa kinamama wawili wa mtaa huu ambao najua walinunua kwa mtu yuleyule. Mmoja bado anatumia, na amekubali kwenda kliniki. Wa pili aliacha siku nne zilizopita, baada ya kusikia habari za mama mkubwa. Nilimkuta amelala, anasema ni uchovu na kichefuchefu tu. Sikungoja kesho. Nimeita bajaji, nimempeleka, na sasa hivi mwanawe amenipigia kusema wamemlaza.