Sikio la mwanangu na karai la mahamri

Wiki iliyopita mama mmoja wa Malindi alinipigia simu akilia. Binti yake wa mwaka mmoja na nusu amepimwa, hasikii masikio yote mawili, na tayari watu wanne wamempa shauri lile lile nililopewa mimi: asubiri. Asubiri mtoto apate nguvu za kupasuliwa awekewe kifaa cha kusikia ndani ya sikio, asubiri afike miaka saba, asubiri kwani mtoto wa fulani alisema akiwa na miaka minne. Nilimwambia asisubiri hata mwezi, na yaliyobaki nikamuahidi nitayaandika, maana kwenye simu tulilia sote wawili.

Mwanangu nimemzaa Lamu, Langoni, katika nyumba ya mawe ambayo ukuta wake wa nyuma umepakana na msikiti. Adhana ya alfajiri ilikuwa ikituamsha sote isipokuwa yeye. Punda wakilia chini ya dirisha, amelala. Mama mkwe wangu ndiye aliyetangulia kuona. Siku moja aliangusha sinia la shaba kwa makusudi nyuma ya mtoto, sisi sote tukaruka, na mtoto akaendelea kuchezea mkufu wangu. Jamaa wakasema watoto wa kiume huchelewa. Mwingine akataka tumkate ule uzi ulio chini ya ulimi. Ulimi wake ulikuwa mzima! Tatizo lilikuwa ndani kabisa ya sikio, kwenye koklea, kile kijumba kilichojikunja kama cha konokono. Sikio zima lina takriban seli 15,000 za vinyweleo humo ndani, nazo ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye mshipa wa kusikia. Zake hazikuwa zikifanya kazi, na kama hazifanyi kazi, hata umkuzie sauti namna gani haifiki.

Vipimo, picha za kichwa, miezi sita ya kuvaa mashine za kukuzia sauti bila faida, hayo hospitali watawaelekeza. Ila chanjo zifuatilieni wenyewe. Mtoto mwenye kifaa hiki, yaani uzi unaopandikizwa ndani ya koklea na mashine ya nje inayouletea sauti, ana hatari kubwa zaidi ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo chanjo zake zikamilike kabla ya upasuaji. Fedha, ukijumlisha na safari zote, zilipita milioni mbili. Bangili zangu ziliuzwa, kiwanja cha mume wangu cha Mokowe kikaenda, shemeji yangu aliye Maskati akatuma mara tatu, na mtaa ukachanga.

Alipasuliwa akiwa na miaka 2 na miezi 4. Kwa waliotuambia tungoje, nitasema alilotueleza daktari: Marekani waliruhusu kifaa hiki kwa watoto wa kuanzia miaka 2 mwaka 1990, wakashusha hadi miezi 12 mwaka 2000, wakashusha tena hadi miezi 9 mwaka 2020. Umri unashuka, haupandi. Ubongo wa mtoto una miaka michache ya kujifunza sauti kwa wepesi, na sehemu isiyoletewa sauti hugeuzwa kwa kazi nyingine.

Mwezi mmoja baada ya upasuaji mashine ya nje iliwashwa. Nilikuwa nimeona kwenye simu watoto wanaocheka sauti ya kwanza inapowafikia. Wangu alilia hadi akatapika, akaivua, akaitupa. Mwanzoni nilidhani wamemuumiza. Baadaye nilielewa: uzi wenye vituo 22 unafanya kazi ya zile seli maelfu, na ubongo haujawahi kukutana na kitu kile. Wakamuanzia na sauti ndogo, wakaipandisha kidogo kidogo kila tuliporudi. Siku ile ndiyo niliyoanza kuhesabu umri wake wa pili. Kwa kuzaliwa alikuwa na miaka 2 na miezi 5, kwa kusikia alikuwa na siku moja. Mtu akimlinganisha na watoto wa jirani, mimi humpa umri wa kusikia, basi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonichoma. Mtaalamu mmoja wa mwanzo alitukabidhi kasha la kadi za picha, akatuambia nyumbani tuzungumze Kiingereza tu. Kadi ni za Kiingereza, shule itakuwa ya Kiingereza, na lugha mbili, akasema, zitamvuruga mtoto. Tulimuamini. Kiingereza changu kinatosha kusoma barua ya hospitali. Hakitoshi kumbembeleza mtoto, kumkanya, kumsimulia, kumuuliza kwa nini amenuna. Kwa hiyo kila jioni nilimketisha mbele yangu, nikainua kadi ya mpira, nikatamka “ball”, nikaishusha. Yeye ananitazama mdomo. Baada ya miezi mitatu akawa anasema “bo” kila nikiinua kadi, hata ikiwa ni kadi ya ndizi. Mpira wenyewe ukipita uani miguuni mwake, hana neno. Na kuanzia kadi ya mwisho jioni hadi kadi ya kwanza kesho yake, nyumba ilikuwa kimya. Mama mkwe wangu, ambaye hana lugha nyingine ila Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, aliacha kabisa kumsemesha mjukuu wake kwa kuogopa kumharibu. Usiku mmoja akaniambia, “Mwanangu, mumemfungua sikio, mukanifunga mimi mdomo.”

Sikulala. Asubuhi kasha la kadi liliingia kabatini na halijatoka.

Mimi hupika mahamri ya kuuza. Nakanda usiku, na saa kumi na moja niko jikoni. Mwanangu alikuwa akiamka na mimi, nami nikimlaza tena ili nimalize kazi. Tangu siku ile nikawa namvalisha sikio lake (nyumbani tunaiita hivyo, sikio) na kumketisha kwenye kibago kando yangu. Nasema kando, si mbele. Mikono yangu iko kwenye unga, macho yake yako kwenye mikono yangu, na maneno yanaingia kwa upande wa mashine. Hawezi kunisoma midomo, maana haitazami. Waliotufundisha kumziba asione midomo, ili asikilize, walitushauri tuweke kiganja mdomoni. Jaribu uone: sauti inakwama kwenye kiganja. Unga ulinifanyia kazi ile bila kumficha mtoto kitu.

Nilimsemesha kila nilichokifanya. Nakanda. Nakanda, baba, nakanda. Umeumuka! Tazama ulivyoumuka. Nakata donge. Donge lako hili, dogo. Langu kubwa. Nasukuma. Kisha mafuta. Kuna sauti sita wanazotumia kupima kama mtoto anasikia kuanzia sauti nene hadi nyembamba: aa, uu, ii, mm, sh, s. Kila asubuhi mzazi azitamke bila kuonekana midomo, karibu kisha mbali, aone mtoto anajibu zipi. Kwenye mkeka mwanangu hakujali hata moja. Mimi nikazikuta zote jikoni. Andazi likitumbukizwa kwenye mafuta, shhh. Mvuke ukipenya kwenye mfuniko wa birika, sss. Napuliza makaa, fuuu. Naonja, mmm. Na nje punda wa mchanga anafungua mdomo, iii-aaa, iii-aaa. Nikawa nauacha mwiko hewani, namtazama, nanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda mwanzoni, maana mtu mzima hawezi kustahimili kimya, hujibu mwenyewe. Nilijilazimisha kuhesabu moyoni hadi 10. Andazi liko mkononi, halitumbukizwi. Siku ya kumi na kitu, nimefika 8, mwanangu akasema, “Shhh.” Nikalitumbukiza, likalia shhh, likafura. Akacheka, akasema tena. Asubuhi ile aliyaagiza mahamri yote, moja baada ya moja, wateja wamejipanga barazani na hakuna aliyelalamika nilipowaambia sababu.

Mama mkwe akarudi kazini. Yeye alimsemesha kama alivyowasemesha wanawe: ndoo hapa, fumba mato, kitwa chako kina mtanga, yaani njoo hapa, fumba macho, kichwa chako kina mchanga. Alimuimbia akimuogesha, ingawa tulimueleza kuwa akiogeshwa hasikii kwa kuwa sikio limevuliwa. Akasema ataimba kwa mkono, na akawa anampigapiga mgongoni kwa mahadhi yale yale. Kwa ajili ya kuoga, kulala na baharini tulijifunza ishara chache, na sijutii. Kuna watu watawaambia ishara zitamfanya mvivu wa kusema. Wangu hazikumfanya. Mtoto anayeogelea bila mashine lazima ajue kuitwa.

Neno lake la kwanza la kweli, ambalo hakufundishwa na mtu, alilitamka akiwa na miezi minane ya kusikia. Paka wa jirani alikuwa juu ya ukuta, mwanangu akanyoosha mkono, akasema, “Ndoo.” Paka hakuja. Akasema tena kwa hasira, sauti ile ile ya bibi yake, “Ndoo!” Mama mkwe alikaa chini pale pale alipokuwa, akajifunika ushungi usoni.

Kuhusu mashine yenyewe, sisi wa pwani tuna adui wawili, unyevu na chumvi. Jirani alinishauri niilaze kila usiku ndani ya gudulia la mchele ili unyonywe unyevu. Msifanye hivyo. Baada ya wiki kadhaa mtoto akaanza kukosa “s” na “sh”, kisha akawa haitiki nikiwa mlangoni. Nilidhani amerudi nyuma, nikamkemea kwa kutosikiliza, na hilo la kumkemea linaniuma hadi leo. Vumbi la mchele lilikuwa limeziba kinasa sauti. Safari nzima, boti hadi Mokowe, basi usiku, kwa ajili ya vumbi. Sasa natumia kopo la mfuniko wa kubana na zile punje za kukausha zinazogeuka rangi zikijaa maji, nazipasha moto zikauke, narudishia. Kopo linakaa kwenye zidaka, juu, mbali na mikono. Na zile sauti sita nazipima kila siku, kwa kuwa ndizo zingeniambia mapema kuwa kosa ni la mashine.

Nyumba zetu za mawe nazo zina mwangwi. Dari ziko juu, kuta tupu, sauti inarudi mara mbili, na mashine haichagui ipi ya kufuata. Tulitandika mikeka na mabusati, tukatundika pazia nzito ukutani. Redio huzimwa mtu akizungumza naye. Chuoni, kwenye madrasa yake, nilimuomba mwalimu amketishe karibu naye, ubavu wa mashine, mbali na dirisha la barabarani. Alinielewa kwa maneno mawili, Mungu ambariki.

Leo ana miaka 6, na kwa kusikia ana miaka 3 na miezi 7. Anasema sentensi za mtoto wa miaka mitatu na zaidi. “S” bado huimeza mwisho wa siku akichoka. Kiingereza anaanza kukipata shuleni, kimekuja juu ya Kiamu na hakijavuruga kitu. Mwezi ujao tunasafiri tena kurekebishiwa sauti za mashine. Juzi nilikuwa nikimueleza baba yake chumba cha pili kwamba tutakaa Nairobi siku tatu, kwa sauti ya kawaida, mlango umerudishwa. Mtoto alikuwa barazani anakula andazi. Akaingia, mdomo umejaa, akauliza, “Mama, kule Nairobi nani atawalisha paka, na punda wao wanalala wapi?”