Siku Moja Maishani Mwangu: Nikihesabu Chembe Changa za Damu

Saa moja na nusu asubuhi naingia maabara hapa Mwanza, katika Kanda ya Ziwa ambako watoto wengi huzaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipa chembe nyekundu umbo la mundu na kuzifanya zife mapema. Ndiyo maana siku nyingi hukutana na kipimo cha retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa zilizotoka karibuni kwenye uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu.

Saa tatu nachanganya damu na rangi ya bluu kwa kiasi sawa, naiacha dakika 15 kwenye nyuzi joto 37, kisha naitandaza kwenye slaidi. Chembe changa bado ina mabaki ya RNA, molekuli inayotumika kutengeneza protini, ambayo chini ya hadubini huonekana kama vinyuzi na vitone vya bluu. Nahesabu chembe nyekundu 1,000 bila haraka. Kwa mtu mzima mwenye afya, changa huwa takriban asilimia 0.5 hadi 2.5.

Saa tano namaliza sampuli ya mama mmoja: asilimia 6. Daktari anayejifunza kazi anafurahi kwenye simu kwamba uboho unaitikia vizuri, nami namwomba tupige hesabu pamoja kwanza, kwani hematokriti ya mama huyu, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ni asilimia 15 tu, wakati ya kawaida huchukuliwa kuwa 45. Sita mara 15, gawanya kwa 45, inabaki 2. Tena, damu ikipungua kiasi hicho, uboho huachia chembe mapema, nazo hukaa changa kwenye damu takriban siku mbili na nusu badala ya moja. Tukigawanya kwa 2.5 tunapata 0.8. Jibu hili la mwisho likiwa chini ya 2, uboho haujaitikia inavyopasa. Asilimia peke yake ingempotosha, na kosa hili huniumiza kila ninapolikuta.

Saa nane inaletwa sampuli ya mtoto mwenye selimundu. Mwezi uliopita changa zilikuwa asilimia 12. Leo ni 0.2, na hemoglobini imeshuka sana. Chembe zake huishi wiki mbili tatu tu badala ya siku 120, hivyo uboho ukisimama, mara nyingi kwa sababu ya kirusi cha parvo B19, damu huisha kwa siku chache. Sisubiri majibu yachukuliwe. Napiga simu wodini.

“Dada, uboho wa mtoto huyu umesimama.”

“Nimekuelewa, kaka. Namwita daktari sasa hivi.”

Saa kumi chupa ya damu ya kuongezewa, iliyopimwa kuwa inapatana na ya mtoto, inapelekwa wodini. Naihifadhi slaidi yake, tuilinganishe na ya keshokutwa.