Kusi, watoto na boti ya kurudi

Kalenda ya shule na kalenda ya bahari hazijawahi kupatana. Likizo ya Juni inakuta kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshika. Pasaka inaangukia kwenye masika. Desemba ndiyo afadhali, vuli ikiishia na kaskazi ikianza, ingawa hata hapo mvua za mwisho hupenda kushuka wageni wakiwa wameshalipa. Mzazi wa Dar, Morogoro au Dodoma anayetaka kuwapeleka watoto Unguja hana siku nyingi za kuchagua. Atapanga safari akijua fika kwamba hewa inaweza kuchafuka.

Sehemu ya kupangia kwa makini kuliko zote ni kuvuka, hasa kuvuka kurudi. Mvua ya kutwa mkiwa ufukweni ni kero tu. Lakini boti zikisimama siku ya kurudi, chumba kimeshakabidhiwa, pesa zimebaki za nauli na shule inafunguliwa kesho yake, hapo ndipo likizo inapoanza kugharimu. Kwa hiyo siku ya akiba iwekwe mwishoni, na iwekwe upande wa bara. Shule ikifunguliwa Jumatatu, rudini Jumamosi. Watu wengi huipanga siku hiyo wakaishia kuitumia kisiwani kwa kuwa jua limetoka, halafu Jumapili upepo unaamka.

Upepo unavyofanya kazi

Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba hivi, ikitoka kusini na kusini mashariki. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi. Katikati yake ni maleleji, upepo usio na msimamo. Kusi hukaza Juni na Julai, na ndani ya siku moja huwa na nguvu zaidi mchana na alasiri kuliko alfajiri. Ndiyo maana boti ya kwanza asubuhi ni bora kuliko ile ya alasiri, hata ikibidi kuwaamsha watoto gizani.

Ukitazama ramani utaona kwa nini kurudi ni kugumu zaidi. Ukitoka Dar kwenda Unguja wakati wa kusi, mawimbi yanakujia kwa nyuma na ubavuni, boti inayumba kushoto na kulia. Ukirudi, unayakabili kwa uso: boti inapanda na kudondoka, na nahodha hupunguza mwendo. Safari ya saa mbili hivi inarefuka. Mkiwa karibu na Mji Mkongwe kisiwa chenyewe kinawakinga kidogo. Mkishakipita kisiwa kidogo cha Chumbe bahari inafunguka, na hapo ndipo mifuko ya kutapikia inapoanza kugawiwa.

Tufani ni jambo jingine. Huku kwetu ni nadra, kwa sababu tuko karibu mno na ikweta kwa dhoruba kupata mzunguko wa kutosha. Nadra, lakini si hadithi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha minazi na mikarafuu kwa wingi. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Mafia, na boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa. Angalia miezi: Aprili na Mei, wakati uleule hoteli zinaposhusha bei na nyingine kufunga kabisa. Bei ya Mei ina sababu zake.

Kuisoma taarifa ya TMA

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za siku tano, na wengi huishia kutazama alama ya wingu kwenye simu badala ya kuzisoma. Programu ya simu itakwambia kama mvua itanyesha. Haitakwambia kama boti itaondoka. Mvua peke yake haisimamishi boti kubwa, kinachosimamisha ni upepo na mawimbi.

Taarifa ina rangi tatu. Njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wakati wa kusi utakutana mara nyingi na angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili kwa pwani yote, Unguja na Pemba zikiwemo. Chini yake huwa kuna vitu viwili vinavyorukwa na wasomaji: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa si sawa na uwezekano mkubwa wenye athari ndogo. Kwenye njano boti kubwa mara nyingi huendelea, ila ngalawa na boti ndogo za kupeleka watu Mnemba au kutazama pomboo Kizimkazi zinafaa kusahauliwa, hata kama mwenye boti anasema "hamna shida, twende". Ikigeuka machungwa kwa siku yenu ya kurudi, rudini siku moja kabla. Msingoje tangazo la bandarini, kwa sababu likishatoka, foleni ya kubadilisha tiketi imeshafika nje.

Ndege ina mambo yake. Dar hadi Unguja ni dakika ishirini hivi, na upepo unaozuia boti unaweza usizuie ndege. Kinachoikwamisha ndege ndogo ni ngurumo na mawingu yaliyoshuka chini, yaani hewa ya masika. Kwa hiyo kama boti zimesimama kwa kusi na anga ni jeupe, hatua ya kwanza iwe kuulizia ndege. Kumbuka tu kwamba ndege ndogo huruhusu kilo 15 za mzigo, nyingine pungufu, na begi gumu la magurudumu halipendwi.

Kwenye boti

Kaeni chini, katikati au kuelekea nyuma. Mbele na ghorofani ndiko kunakorushwa zaidi, hata kama kuna mandhari. Mtoto anayeanza kulegea atolewe simu mkononi, atazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu, na apate hewa. Asivuke na njaa, wala asivuke na chipsi mayai tumboni. Mkate mkavu au biskuti na chai nyepesi ya tangawizi saa moja kabla inatosha.

Dawa ya kichefuchefu hufanya kazi ikinywewa kabla. Ukingoja mtoto aanze kutapika, kidonge nacho kitatoka. Sinarizini humezwa takriban saa mbili kabla ya kuondoka na haipewi mtoto wa chini ya miaka mitano. Promethazini haipewi kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili, na wakubwa itawalaza usingizi. Dozi iulizwe kwa mfamasia ukiwa bado nyumbani, ukimtajia uzito wa mtoto.

Jaketi la kuokolea lijaribiwe, hasa kwenye boti ndogo za matembezi, ambako yote huwa ya saizi moja ya mtu mzima. Mvalishe mtoto, funga mikanda yote, kisha shika mabegani mwa jaketi na ulivute juu. Likipita masikio halimfai, majini litapanda na kumwacha chini. Kama lina mkanda wa kupita kati ya miguu, ufungwe. Kama hakuna jaketi linalomtosha mtoto wako, matembezi hayo hayapo.

Upande wa kulala

Picha za mtandaoni hazisemi zilipigwa mwezi gani. Juni hadi Septemba, Paje, Jambiani na Michamvi zinapokea kusi moja kwa moja: mchanga unaruka, mwani unarundikana ufukweni, na mtoto aliyetoka majini anatetemeka hata kwenye jua. Wapanda tiara wa Paje, wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, wanaifurahia hali hiyo, mwenye mtoto wa miaka mitatu hataifurahia. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi zimekingwa, na bahari yake haikimbii mbali maji yakipwa. Ni ghali zaidi na kuna kelele za usiku, lakini kwa familia wakati wa kusi ningechagua huko bila kusita. Wakati wa kaskazi, upepo huipiga zaidi Matemwe na Kiwengwa.

Ukilipia nyumba ya makuti, muulize mwenyeji swali moja: mvua ikija na upepo, maji yanaingilia wapi? Makuti mapya yaliyopangwa kwa kubana huvumilia mvua ya wima. Mvua ya ubavuni hupenya ukingoni na juu pale paa linapokutana na ukuta. Kitanda kisiwe hapo. Na watoto wasicheze wala kulazwa chini ya minazi upepo ukivuma, nazi haitoi onyo.

Maji kujaa na kupwa

Hewa ikichafuka, saa za kuogelea zinapungua, kwa hiyo inabidi uzijue zilizobaki. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Unguja maji hupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri, na tofauti ya kimo hukaribia mita nne. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja inakuwa maji mafu: tofauti ni ndogo, na maji hujaa asubuhi badala ya alasiri.

Sasa unganisha na upepo. Juni wakati wa bamvua, upande wa mashariki maji yanajaa alasiri, saa zilezile kusi inapokuwa kali. Mawimbi yanavuka mwamba, yanagonga kuta za hoteli, na ufukwe mliotembea asubuhi haupo. Wiki ya maji mafu inawafaa watoto zaidi: maji ya kuogelea yapo asubuhi upepo ukiwa bado umelala. Kabla ya kulipia tarehe, tazama mwezi.

La hatari ni milango, zile nafasi kwenye mwamba ambako boti za wavuvi hupita. Maji yakitoka, bahari yote iliyokuwa ndani inakimbilia hapo. Mkondo hauendi kwa kasi moja. Kupwa huchukua saa sita na ushei, na karibu nusu ya maji yote hutoka katika saa ya tatu na ya nne. Muda huo mtoto asiwe karibu na mlango, hata kama maji yanamfika kiunoni. Waulize wavuvi au akina mama wa mwani mlango uko wapi, wanaujua kuliko bango lolote.

Ngurumo ikisikika, kila mtu atoke majini na asirudi mpaka ipite nusu saa tangu ile ya mwisho.

Siku ya mvua

Msikodi gari kuzunguka kisiwa chote. Kwa mvua ya vipindi, msitu wa Jozani unafaa, kima punju huonekana hata hewa ikiwa nzito na ile njia ya mbao kwenye mikoko inatembeka. Viatu viwe vya kufunga. Mashamba ya viungo Kizimbani au Kidichi yanawezekana manyunyu yakiwa hafifu, utelezi wa udongo ndio tatizo. Mji Mkongwe mvua ikiwa kubwa baadhi ya vichochoro hugeuka mifereji, basi subirini ipungue. Kisiwa cha Changuu kwenda kuona kobe ni safari fupi, ila ni ya boti ndogo, kwa hiyo inahesabiwa kwa upepo, si kwa mvua.

Bahari ikichafuka wavuvi hawatoki, na samaki anapanda bei siku hiyohiyo. Kuwa na unga, mchele na maharage ya siku mbili kama mnajipikia. Maji ya visima hubadilika baada ya mvua kubwa: yachemsheni mpaka yatokote sawasawa, hata ya kupigia mswaki. Mtoto akiharisha, pakiti moja ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kwa lita moja ya maji safi. Isipokuwepo, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kufuta, katika lita hiyohiyo. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo pima kwa kijiko, usikadirie kwa vidole. Na taslimu iwepo, kwani umeme ukikatika mashine za benki hazifanyi kazi na wakala wa simu anakwambia mtandao hamna.

Boti zikisimama

Msilaumu wanaosimamisha. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, ikitoka Dar. Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Ya pili ndiyo ya kukumbuka siku boti zinaporuhusiwa tena: watu wa siku mbili wanataka kuingia kwenye boti moja. Ukiona msongamano usio wa kawaida langoni, ngoja inayofuata. Na asikushawishi mtu kuvuka kwa jahazi la mizigo.

Mtu mzima mmoja aende ofisi ya tiketi mapema, mwingine abaki na watoto na mizigo penye kivuli. Tiketi ibadilishwe tarehe kwa maandishi au kwa muhuri, ahadi ya mdomo haitakusaidia kesho kwa karani mwingine. Wakati huohuo mpigieni mwenye nyumba mliyotoka, aulizwe kama chumba bado kiko wazi. Fanyeni hivyo kabla ya kuondoka bandarini, maana abiria wote waliobaki wanatafuta vitanda Mji Mkongwe, na ikifika magharibi vya bei ya kawaida vitakuwa vimekwisha.