Siku moja maishani mwangu: kuiuliza miamba ni nani alitangulia

Saa 11:30 alfajiri. Nimeamka kabla ya kengele. Begini nina nyundo, dira yenye kipimo cha mwinamo, lenzi inayokuza mara 10, kichupa cha asidi hafifu, daftari na penseli mbili. Hakuna hata kifaa kimoja hapo kinachotaja miaka, na leo siihitaji. Mimi ni mwanajiolojia, nachora ramani za miamba. Kazi ya leo ni kujua mfuatano tu: kipi kilitangulia na kipi kikafuata, mpaka genge zima liwe na mpangilio usiojikanusha popote.

Saa 1 asubuhi. Tumefika chini ya genge, mimi na mwanafunzi anayejifunza kazi kwangu msimu huu. Jua likiwa bado chini, kila tabaka hutupa kivuli chake, na mistari inayopotea mchana huonekana waziwazi. Ndiyo maana nachora kwanza, nyundo ikiwa bado begini.

Nusu ya chini ya genge ni matabaka ya mchanga na tope yaliyosimama karibu wima. Juu yake yamelala mengine, moja juu ya jingine kama mikeka iliyotandikwa: kokoto, mchanga, tope, kisha chokaa. Kati ya mchanga na tope unapita mkanda mweusi. Kushoto kuna mpasuko uliohamisha matabaka ya chini. Kulia, ukuta mwembamba wa mwamba mweusi, daiki, umepanda ukikata kila kilichokuwa njiani mwake.

"Mwalimu, si tunahesabu tu kutoka chini kwenda juu?"

Ameuliza vizuri, na hivyo ndivyo Nicolaus Steno, mwanasayansi wa Denmark, alivyofundisha mwaka 1669: mashapo hutandazwa yakiwa yamelala, na la chini lilikuwapo kabla ya la juu kuja. Kwa nusu ya juu ya genge, kanuni hiyo inatosha kuanzia. Kwa ile ya chini haitoshi. Tabaka lililosimama wima halikuambii upande wake upi ulikuwa juu, lazima uutafute.

Saa 2:30. Tumepiga magoti, lenzi jichoni. Katika tabaka moja la mchanga punje kubwa ziko kulia, na zinazidi kuwa ndogo kuelekea kushoto. Maji yaliyobeba mashapo yanapotulia, punje nzito hutangulia kutua. Basi kulia ndiko kulikokuwa chini.

Shahidi mmoja peke yake hanitoshi. Hatua chache mbele tukapata nyufa za tope lililowahi kukaukia juani, zimejaa mchanga. Ufa wa namna hiyo huwa mpana juu na hujichonga kuelekea chini. Ncha zote zilielekea kulia. Mashahidi wawili wamekubaliana.

Nikaweka dira. Matabaka yanainama kuelekea kulia kwa nyuzi 80. Kama yangekuwa yameinuliwa tu, ya kulia ndiyo yangekuwa ya baadaye. Lakini punje na nyufa zinasema ya kulia ndiyo ya mwanzo. Yaani yalisukumwa mpaka yakapita wima, yakapinduka. Mwanafunzi alinyamaza, akafuta mshale kwenye mchoro wake na kuuchora upya upande wa pili. Nilifurahi kumwona akifuta mwenyewe bila kuambiwa.

Saa 4. Mpaka kati ya nusu mbili za genge. Kokoto za juu zimekalia ncha za matabaka yaliyosimama, zilizokatwa kama kwa kisu. Baadhi ya kokoto ni vipande vya mchanga uleule ulio chini yake, na kipande lazima kiwe kikubwa kwa umri kuliko mwamba uliokimeza. Fikiria yaliyopita kabla kokoto ya kwanza haijatua: mashapo yalitandazwa, yakagandamana kuwa mwamba, yakapinduliwa, yakainuliwa, yakamomonyolewa. Yote hayo yamo ndani ya mstari ninaoweza kuufunika kwa kidole.

Mpaka wa aina hii ndio uliomfanya James Hutton, mwanajiolojia wa Uskoti, aende kwa mashua hadi Siccar Point, Uskoti, mwaka 1788, akiwa na John Playfair na James Hall. Miamba wima ya pale ina kiasi cha miaka milioni 435, na iliyolala juu yake kiasi cha milioni 370. Hutton hakuwa na namba hizo. Aliutazama mpaka tu, akaelewa kwamba muda uliopotea ni mrefu kupita kiasi, na Playfair aliandika baadaye kwamba akili yake iliona kizunguzungu. Namwelewa kabisa.

Mpasuko wa kushoto haukutuchukulia muda. Umekata matabaka ya chini, lakini kokoto zimepita juu yake bila kukatika. Ulitokea kabla yao.

Saa 6 mchana. Mkanda mweusi. Hapa nilitaka tukae, na tulikaa zaidi ya saa mbili.

Ni basalti, mwamba mweusi uliotokana na uji wa moto wa ardhini. Lakini basalti iliyolala kati ya matabaka inaweza kuwa moja ya vitu viwili. Ikiwa ni lava iliyomwagika juu ya mchanga na kupoa kabla tope halijaja, basi ni kubwa kwa umri kuliko tope. Ikiwa ni sili, yaani uji wa moto uliojipenyeza kati ya matabaka yaliyokwisha kuwapo, basi ni mdogo kwa umri kuliko tope, ingawa uko chini yake. Ukikosea hapo, kila kinachofuata kinakosewa.

Nakumbuka nilivyokosea, miaka ya mwanzo. Nilitazama upande wa chini wa mkanda kama huu, nikaona mwamba umeungua, nikaandika "lava". Upande wa chini huungua katika hali zote mbili! Ramani ile ilirudiwa yote.

Kwa hiyo tulipanda hadi ukingo wa juu. Tope linalougusa mkanda limekuwa gumu, limebadilika rangi kwa upana wa kiganja, kisha linarudi kuwa laini. Limeungua. Juu ya lava iliyokwisha poa tope lisingeungua. Tukatafuta dalili za lava: vipande vya basalti ndani ya tope, au udongo mwekundu wa uso uliowahi kukaa wazi. Hakuna. Badala yake tukaona ulimi mwembamba wa basalti umechomoza juu ukaingia ndani ya tope. Ni sili.

Saa 9. Chokaa. Tone la asidi, povu likatoka. Ndani yake kuna amonaiti, kisukuku (mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani) chenye umbo la kizingo. Amonaiti, wanyama wa baharini, walitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita, kwa hiyo chokaa iliyowazika haiwezi kuwa changa kuliko hapo. William Smith, aliyetoa ramani yake kubwa ya miamba ya Uingereza mwaka 1815, alitambua matabaka kwa visukuku vyake, na bado tunafanya hivyo. Nilikagua kwanza kama kisukuku kimesagika kingo, maana huweza kubomoka kutoka mwamba wa zamani kikazikwa upya. Kingo zake ni kali. Ni cha hapahapa.

Saa 12 jioni. Daftari. Matabaka ya chini, kupinduka, mpasuko (alama ya kuuliza: huenda ulitangulia kupinduka), mmomonyoko, kokoto, mchanga, tope, chokaa. Sili baada ya tope. Imebaki daiki. Ikiwa imeungana na sili bila mpaka, ilikuwa njia yake, na umri ni mmoja. Ikiwa imeikata, ni ya baadaye. Mahali zinapokutana pamefunikwa na vifusi vya mawe.

Kesho tunakwenda na sepetu.